Sala ya Kufungua Mkutano

Bernadina alipepeta mbaazi huku jicho lake moja likiwa mlangoni mwa ghala. Ungo ulipanda ukashuka, pumba zikaruka upande wa upepo, mbaazi zikabaki zikigongana kama mvua inayoanza juu ya bati. Gunia lake lilikuwa limefika nusu. Msimamizi wa ghala alikuwa na sheria yake: gunia lisilojaa halihesabiwi. Ukiondoka katikati, jasho lako linakuwa sadaka.

"Mama Vailet, unaenda au huendi?" Kandida aliuliza. Kandida alikuwa jirani yake nyumbani na jirani yake ghalani. Walikuwa wakipepeta ubavu kwa ubavu tangu mavuno yaanze, na mdomo wake haukuwa na kufuli. "Kama huendi niambie mapema, nisije nikapoteza gunia langu kwa ajili ya hotuba."

"Naenda. Nimeombwa nifungue mkutano kwa sala."

"Tena wewe? Yaani mtaa mzima huu Mungu anaijua sauti yako peke yake. Siku ukipata mafua tutafanyaje?"

Wanawake waliokuwa karibu walicheka. Bernadina naye alicheka, lakini moyoni alikuwa ameridhika. Jana yake jioni Praygod, mtendaji wa mtaa, alikuwa amefika mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Alivua kofia, akatoa shikamoo kwa adabu, akakataa hata kukaa. "Mama yangu," alisema, "kesho kwenye mkutano mkuu tunaomba utuombee. Na isiwe ile sala fupi. Utuombee kama mnavyosali kwenye Karismatiki, watu wote wasimame, wote wainue mikono. Mungu auone umoja wa mtaa wetu."

Bernadina alikuwa ameongoza sala kwenye mikutano mingi ya serikali. Wakubwa wengi huitaka sala iishe haraka, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuanza kusema. Huyu kijana alitaka sala ndefu. Usiku ule alimtaja kwa Mungu kwa jina, akamwombea hekima.

Mkutano wenyewe ulikuwa na jambo moja lililowanyima watu usingizi, nalo ni kiwanja cha zahanati. Mtaa wa Mchangani umekaa juu, mbali na lami, na mama anayeshikwa na uchungu huteremshwa mjini kwa pikipiki. Mjukuu wa kwanza wa Bernadina alizaliwa hivyo, juu ya pikipiki, kwenye mvua, huku binti yake Vailet akimng'ang'ania dereva shingoni. Mtoto hakulia. Walimzika kesho yake, na Padre akampa jina kaburini. Baada ya msiba ule wanamtaa waliamua kujenga zahanati yao. Kila msimu wa kiangazi walifanya msaragambo: wanaume walichimba msingi, wanawake walibeba mawe kichwani kutoka miteremko ya mlima Kwaraa. Lundo la mawe lilikuwa kubwa kuliko nyumba. Sasa Vailet alikuwa na mimba nyingine, tumbo limeshuka, na kulikuwa na maneno kwamba kiwanja kinatakiwa na mtu wa kituo cha mafuta.

Bernadina alimimina nusu gunia lake kwenye gunia la mwanamke mmoja wa kijiji cha Sigino. "Mungu akuongezee," alimwambia. Kandida alifanya vivyo hivyo, ila yeye alisema, "Na wewe utuongezee sisi, ukipata." Wakajikung'uta pumba, wakapanda zao mlima.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Madawati yalikuwa yametolewa nje. Wanaume walikaa kwenye madawati, wanawake kwenye nyasi, kama siku zote. Kila aliyeingia alisaini mahudhurio. Nyuma ya meza iliyotandikwa kitenge alikaa Praygod na makabrasha yake, na pembeni yake mwenyekiti wa mtaa, Melkiori, mtu mpole waliyemchagua wenyewe kwa sababu hakuwahi kugombana na mtu.

"Kabla ya yote tumtangulize Mungu," Praygod alisema. "Mama Vailet, karibu mbele."

Bernadina alivua kandambili. Alikuwa hasali akiwa amevaa viatu. "Tusimame wote," alisema. "Wote tuinue mikono. Tumshukuru Mungu aliyetuamsha, tumwombe aongoze maneno yetu."

Uwanja mzima ulisimama, mikono ikapanda. Hata Mzee Mikidadi, fundi mwashi aliyepima msingi wa zahanati, alifungua viganja vyake kifuani kama mtu aliye kwenye dua, halafu alipoona wenzake wamefika juu naye akavipandisha, asionekane anamnyima Mungu urefu. Bernadina alifumba macho. Aliwaombea wagonjwa, mvua, watoto wa shule, viongozi. Aliwaombea wajawazito, na hapo alirudia mara mbili. Katikati ya sala alisikia dawati likisogezwa na mtu akipanda juu yake, kisha mlio mdogo wa simu. Hakujali. Siku hizi hata kwenye misa za mazishi watu wanapiga picha.

"Amina," uwanja ulijibu.

Baada ya hapo Praygod alisoma. Alisoma kama mtu anayekimbizwa, akafika kwenye ajenda ya "mabadiliko ya matumizi ya ardhi katika kiwanja cha huduma za jamii kwa ajili ya uwekezaji," akapita juu yake bila kupumua, akaingia kwenye ajenda ya usafi wa mitaro.

Mzee Mikidadi alinyanyuka. "Mtendaji, samahani. Hapo kwenye ardhi rudi nyuma. Hicho kiwanja ni kipi?"

"Maswali ni mwisho, mzee wangu."

Mwisho ulipofika alisema muda umekwisha, ana kikao kingine mjini. "Mwenye swali alilete ofisini kwa maandishi. Ni haki yenu kuuliza, hakuna atakayewanyima." Kandida alipaza sauti kutoka kwenye nyasi kwamba haki gani hiyo inayosubiri watu waondoke, lakini Praygod alikuwa ameshabana makabrasha kwapani. Mwenyekiti Melkiori aliangalia viatu vyake. Pikipiki ikawaka.

Watu walibaki wamesimama, wamekasirika, lakini hawakuogopa. "Hakuuliza nani anakubali na nani anakataa," Mzee Mikidadi alisema. "Hatukupiga kura. Kwa sheria, mtaa usipopitisha, kiwanja hakiendi popote. Tulieni." Na wao wakatulia. Bernadina alirudi nyumbani akiimba chinichini, akabandika sufuria ya makande.

Ndipo Vailet alipomwita kutoka kwenye kigoda chake, miguu ikiwa imemvimba. "Mama, njoo uone. Mtendaji ametuma kwenye grupu la mtaa."

Bernadina alifuta mikono, akashika simu. Ilikuwa picha ya uwanja wa shule. Mikono kila mahali, mingi kama mabua ya mahindi shambani. Mbele kabisa alisimama yeye, pekupeku, macho yamefumbwa, mdomo wazi, mikono yote miwili juu. Chini ya picha palikuwa na maneno, naye aliyasoma polepole, neno kwa neno, huku kidole kikifuata: *Wananchi wa Mtaa wa Mchangani wakipitisha kwa kauli moja ombi la ujenzi wa kituo cha mafuta. Kazi inaanza kesho asubuhi. Maendeleo hoyee.*

Aliyasoma mara ya pili. Alidhani labda kuna kitu hakukielewa, kama ilivyomtokea mara nyingi kwenye maandishi ya serikali. Lakini safari hii kila kitu kilieleweka.

"Mama, kaa chini," Vailet alisema.

Hakukaa. Hasira ilimpanda, hasira ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu, na alipotaka kusali ili ipoe alikuta hata mikono anaogopa kuiinua. Alikuwa ameibiwa kuku, akasamehe. Alikuwa amedhulumiwa shamba la marehemu mume wake, akamwachia Mungu. Lakini huyu kijana alikuja mlangoni na kofia mkononi, akakopa sala, akaigeuza muhuri. Na aliyewaambia watu wainue mikono ni nani? Ni yeye, kwa mdomo wake.

"Bwana," alisema kwa sauti, mikono ikiwa imeshika kanga, "wewe unajua mikono ile ilikuwa inaelekea kwako."

Alimpitia Kandida, wakampitia Mzee Mikidadi, wakateremka mpaka ofisi ya kata. Mtendaji wa kata alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Aikande, mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na bango kubwa: *Mwananchi ana haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu.* Aliwapokea vizuri. Aliwapa hata viti.

"Shikamoo, Mzee. Karibuni. Nimeshaipata taarifa ya mkutano wenu. Imekamilika vizuri kabisa."

"Hatukupitisha kitu," Bernadina alisema. "Ile ilikuwa sala."

Aikande alivaa miwani, akafungua faili. "Mahudhurio mmesaini. Mwenyekiti wenu amesaini muhtasari, na huyo hakuletwa na serikali, mmemchagua wenyewe. Picha hii hapa. Na mama, huyu wa mbele si wewe?"

"Ni mimi. Nilikuwa naomba."

"Mimi picha hainiambii hivyo."

Kandida aliegemea meza. "Dada, hebu itazame vizuri. Kila mtu ana mikono miwili juu. Wapi umeona mtu anapiga kura kwa mikono miwili? Au Mchangani tulizidiwa na furaha?"

Aikande alikaribia kucheka, akajizuia. "Mama, mimi sikuwepo. Nafuata sheria. Sheria imewapa wananchi nguvu kubwa sana siku hizi. Zamani ardhi iliamuliwa juu, mkaambiwa. Sasa si mtendaji anayeamua, si mimi, ni mkutano mkuu wa mtaa. Ninyi. Haki hiyo ni yenu, na mmeshaitumia."

Nje mtu alikuwa anauza karanga. Bernadina aliyaweka maneno yale kichwani, akayageuza: haki ni yenu, mmeshaitumia. Kama mtu anayekuambia chakula kilikuwa chako, umeshakila, na wewe tumbo linanguruma.

"Na kama hatukubali?" aliuliza. "Tufanye nini?"

"Mnaweza kutengua. Njia ipo. Mkutano mkuu wa mtaa ukikaa tena, ukasema umebadili mawazo, unaleta muhtasari hapa."

"Mkutano unaitishwa na nani?"

"Na mtendaji wenu na mwenyekiti."

"Hao hao?"

"Hao hao. Kwa utaratibu, ni baada ya miezi mitatu."

"Na tingatinga?" Mzee Mikidadi aliuliza.

Aikande alifunga faili. Alisema kwa sauti ya chini, na labda alikuwa na aibu kidogo, "Nasikia ni kesho. Lakini mjue, wazee wangu, sheria imefuatwa."

"Imefuatwa," Bernadina alisema, akisimama. "Fisi naye anamfuata mbuzi."

Hakuwahi kumjibu mtu wa serikali hivyo maishani mwake. Alipofika nje aliegemea ukuta. Alingoja majuto yaje, kama yanavyokuja siku zote akimjibu mtu vibaya. Hayakuja.

"Tuandike barua kwa mkuu wa wilaya," Kandida alisema.

"Tutaandika," Mzee Mikidadi alisema. "Barua itafika. Itapigwa muhuri wa kupokelewa, itakaa. Wakati huo mawe yetu yako chini ya pampu ya dizeli." Alitema mate pembeni. "Kijana ameitwa Praygod. Wazazi wake walimpa jina la sala, yeye akaenda kuiuza ya mwenzake."

Walitembea mpaka walipoanza kupanda. Hapo Bernadina alisimama. "Mzee Mikidadi. Ile picha umeiangalia?"

"Nimeiangalia mpaka macho yanauma."

"Inaonyesha mikono. Inaonyesha swali?"

Mzee alimtazama. "Picha haina mdomo, mama."

"Basi anayesema ni kituo cha mafuta ni maandishi ya Praygod. Picha yenyewe inasema tu kwamba mtaa mzima umekubali jambo." Alivuta pumzi. "Kamba yako ya kupimia msingi bado unayo?"

Kandida alielewa kabla ya mzee. Alipiga kofi moja kwenye paja lake, akaanza kupanda mbio, akiita nyumba kwa nyumba.

Jua lilikuwa bado juu ya ziwa, lile linaloonekana kule chini mjini, walipoanza kukusanyika kiwanjani. Walikuja wanawake kwanza, wengine na watoto mgongoni, halafu wanaume waliotoka mashambani na majembe. Waling'oa magugu yaliyokuwa yameota ndani ya mtaro wa msingi. Mzee Mikidadi alivuta kamba, akaifunga kwenye kigingi, na ncha ya pili akampa Vailet aishike, kwa sababu alikuwa amekataa kubaki nyumbani na Bernadina alikuwa amekataa abebe jiwe.

"Saruji hatuna," mzee alisema. "Tutapanga makavu. Jiwe kubwa chini, dogo libane. Babu zenu walijenga hivyo na maboma yao yapo mpaka leo."

Hakuna aliyeomba kufungua kwa sala. Bernadina mwenyewe hakuongoza. Alisali akiwa ameinama, jiwe la kwanza likiwa kifuani kwake, na jiwe lilikuwa na joto la mchana kutwa, zito kama mtoto aliyelala. Aliliweka chini kwenye kona. Mzee alilipiga nyundo mara mbili likakaa.

Mstari mmoja wa mawe ulikuwa umeshazunguka upande wa mashariki pikipiki ya mtendaji ilipofika. Praygod alishuka na mgambo wawili, vijana wa mtaa uleule, ambao walipoona mama zao kwenye mtaro walibaki karibu na pikipiki wakijifanya wanaangalia tairi.

"Jamani, hii ni nini?" Praygod aliuliza. "Mama Vailet, kumbe na wewe? Hapa ni eneo la mwekezaji. Huu ni mkusanyiko bila kibali. Nani amewaruhusu kujenga?"

Bernadina alinyooka, mkono kiunoni. "Mkutano mkuu wa mtaa."

"Mkutano upi?"

"Wa leo. Tulipitisha zahanati, kwa kauli moja. Picha unayo mwenyewe kwenye simu."

Watu waliacha kazi wakamtazama. Kandida alikuwa amejaza kanga mdomoni kuzuia kicheko.

"Mama, tusichezeane. Ile picha sio ya..." Praygod alisema, akasita.

"Sio ya nini, mwanangu?"

Alifungua mdomo. Bernadina aliona neno limemfika kwenye meno. Aseme tu kwamba watu walikuwa wanasali, na muhtasari wake wote ungeanguka pale pale, mbele ya mtaa mzima. Praygod alifunga mdomo. Jasho lilimtoka puani.

"Sema, tunakusikiliza," Mzee Mikidadi alisema kutoka mtaroni. "Maswali tunapokea sasa hivi. Hatutaki maandishi."

Safari hii watu walicheka kwa nguvu, hata mgambo mmoja akageuza uso. Praygod hakucheka. Kijana mwenye adabu aliyevua kofia mlangoni alikuwa ameondoka.

"Sawa," alisema. "Chekeni. Kesho tingatinga linakuja na polisi juu yake, na mawe yenu yatasukumwa mpaka bondeni. Na mimi nitawapelekea sura ya kila mmoja aliyekuwa hapa, tuone nani atacheka mahabusu."

Kicheko kilikatika. Bernadina alijua kwamba katika yote aliyosema Praygod leo, hilo lilikuwa kweli. Tingatinga litakuja. Polisi hawataiuliza picha swali. Alimtazama Vailet, ambaye alikuwa bado ameishika kamba, ameivuta ikanyooka, hakuilegeza hata kidogo.

Praygod alitoa simu, akarudi nyuma hatua kadhaa ili wote waingie. Mama mmoja alianza kujifunika uso kwa kanga, kisha akaiacha. Wengine waliinama wakaokota mawe yao, wakaendelea kuyapitisha mkono kwa mkono kuelekea mtaroni, na pale mbele ya simu hapakuwa na mkono uliobaki mtupu.

"Piga, mwanangu," Bernadina alisema, akipokea jiwe lake. "Safari hii uandike tulichokuwa tunafanya."